Mbwa wa Meneja Hataki Kula

Isamilo, Mwanza
2 Septemba 1974

Mke wangu Eugenia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila mgongo. Natumaini wewe na hilo tumbo mko salama, na Jovitha ameshamzoea bibi yake tangu mlipomwachisha ziwa na kumpeleka kule.

Habari mpya ni kwamba sibebi tena marobota ya pamba. Wiki mbili zilizopita nilianguka na robota mgongoni, msimamizi akasema mbele ya watu wote, "Huyu ameisha, mleteni mwingine." Nikajua narudi nyumbani mikono mitupu. Lakini kesho yake Meneja mwenyewe aliniita ofisini. Akaniuliza, "Ndugu Longino, wewe ni mtu mvumilivu?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini kingine?

Basi nimehamia kwake, huku mlimani, kwenye chumba cha uani. Kazi yangu ni kumlisha mdogo wao mmoja ambaye amekataa kula. Meneja na mkewe, Mama Odeta, wamekwenda semina Dodoma, kisha watatembelea ndugu zao. Watakaa huko wiki nane. Tumebaki mimi na mlinzi wa getini, Msukuma anaitwa Mayala, pamoja na huyo asiyekula.

Meneja aliniambia hivi akiwa anapanda gari: "Nikirudi nimkute amenenepa, utakwenda kwenu mwezi mzima, na tiketi ya meli nitakukatia mimi. Nikimkuta hivi alivyo, usinisubiri hapa."

Kwa hiyo unaona. Mtoto huyo tumboni nataka nimpokee mimi. Jovitha alizaliwa nikiwa ghalani, na Pasaka nilipokuja alinililia kama ameona fisi. Sitaki mtoto wa pili anililie hivyo.

Niandikie jinsi wanawake mnavyomlisha mtoto mkaidi. Mimi ni mwanamume, niliishia darasa la nne, na huko hawakutufundisha hayo.

Mumeo,
Longino


Muhutwe
14 Septemba 1974

Baba Jovitha,

Milele amina. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpelekea mwalimu. Darasa la watu wazima limenifikisha hapo, kwa hiyo kuanzia leo uangalie unachoandika.

Nimefurahi umeachana na marobota. Lakini huyo Mama Odeta ni mama wa namna gani, anamwacha mtoto mgonjwa wiki nane kwa kibarua wa pamba? Namhurumia mdogo huyo. Mwambie nimemsalimu.

Usimlishe kwa haraka. Uji uwe mwepesi, wa vuguvugu, utie chumvi kidogo. Akikataa, mpe maziwa. Akikataa maziwa, chemsha samaki umtoe miiba, supu yake umpe kwa kijiko. Usimkaripie. Anayekaripiwa hufunga koo.

Sasa nijibu haya vizuri, usiyaruke. Huyo wako kwa siku anakula mara ngapi? Nywele zake zimebadilika rangi? Miguu yake imevimba? Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki? Na ukimpa kitu kikamfaa, niandikie siku hiyohiyo.

Jovitha yuko kwa mama, hajambo. Migomba yetu mwaka huu imechoka, mikungu ni midogo kama ya mchezo wa watoto. Tunapata unga wa njano wa msaada kutoka duka la kijiji. Tunashukuru.

Mkeo,
Eugenia


Isamilo, Mwanza
24 Septemba 1974

Mama Jovitha,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni, na mgonjwa wangu amelala chini ya kabati akinitazama kama mimi ndiye niliyemleta duniani.

Nimefanya yote uliyosema. Uji mwepesi: ameunusa, ameondoka. Uji wenye chumvi: amepiga chafya. Maziwa: amelamba mara mbili, akatapika kwenye zulia la Mama Odeta, nikasugua zulia asubuhi nzima na mgongo huu. Nimechemsha sato nikatoa miiba mmoja mmoja kwa kucha. Amekwenda kujificha chini ya kiti. Nimempa maini, niliyapata kwa kumbembeleza mchinjaji kama ninaposa. Aliyabeba, akayaweka juu ya kiatu changu, akaondoka.

Mama mwenye nyumba ameacha karatasi ukutani. Wali na nyama ya kusaga, mara nne kwa siku, kwa saa zake. Ale kwenye bakuli lake la bati. Asile cha watu. Asile na mtu. Naifuata karatasi hiyo kama Amri Kumi. Kila Jumatatu dereva wa ofisi analeta nyama na mchele. Naweka bakuli, nasimama pale na mwiko mkononi, nangoja. Yeye ananitazama, mimi namtazama. Jana nilimshika kichwa nikamtia tonge kinywani kwa nguvu. Ameniuma kidole.

Eugenia, nimechoka kuliko nilivyochoka na pamba. Robota ukilibeba linakwenda. Huyu hakubebeki. Huko chini Kirumba watu wanaamka alfajiri kupanga foleni ya huo unga wa njano, na huyu anaugeuzia mgongo wali mweupe! Siku nyingine nakwenda nyuma ya nyumba, natukana mawe.

Mayala naye hanipi nafuu. Akipita dirishani lazima aseme: "We Nshomile! Si mnasema Wahaya mmesoma sana? Mmesoma mpaka mkasahau kulisha?" Nikamwambia aje ajaribu yeye. Akajibu, "Aa, sisi Wasukuma, akina Ngosha, ni wa getini. Ya ndani ni ya wasomi."

Kwa siku hali hata mara moja, hulamba mchuzi kidogo tu usiku. Uliuliza miguu. Haijavimba. Ni myembamba kama njiti. Nywele hazijabadilika, ila zinamfunika macho. Lakini mbona maswali yako yamekuwa kama ya mganga? Wewe nieleze habari za nyumbani. Zimebaki wiki tano Meneja arudi.

Mumeo,
Longino


Muhutwe
6 Oktoba 1974

Longino,

Jana Yunus muuza vitenge alikuwa gulioni. Akanipigia kelele kutoka upande wa pili: "Shemeji! Nimemwona mumeo Mwanza. Amenawiri! Nimemkuta njia ya Isamilo amembeba mbwa kifuani, mbwa mwenyewe mdogo kama kiatu, amefungwa utepe mwekundu shingoni!"

Nikamwuliza, mbwa wa nani?

"Wa Meneja. Kuna Mzungu mmoja fundi wa mashine alipohama aliwaachia. Anaitwa Tuti. Hataki kula. Huko kila mtu anajua."

Gulio zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Longino, mimi nimemwombea mbwa. Jumapili mbili nimewasha mshumaa kwa Bikira Maria kwa ajili ya mdogo wa Meneja. Nimepiga magoti na tumbo hili. Wewe umekaa huko unajua, na umeniacha nipige magoti.

Sasa na mimi nikwambie niliyoficha. Jovitha hali. Tangu apelekwe kwa mama, ni mwezi wa pili sasa, anafunga mdomo. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto apimiwe chake kwenye kibakuli chake, ajulikane amekula kiasi gani. Mama akanunua kibakuli chekundu. Kila siku anamweka kwenye kigoda, anampa kibakuli, watu wazima wanasimama kumwangalia. Anakiangalia kibakuli, analia. Wanamshika pua wanamnywesha uji wa njano kwa kiganja, anatapika. Nywele zake zimeanza kuwa nyekundunyekundu. Miguu ukiibonyeza shimo linabaki.

Mimi hawaniruhusu kwenda. Wanasema akiniona ataulilia ziwa, na ziwa la mwenye mimba si la kunyonya. Ndiyo maana nilikuuliza maswali yale. Nilifikiri kuna mtoto mwingine huko kama wetu, na dawa yake ikipatikana kwa wakubwa, nami nitaipata kwako.

Yunus anasema umenenepa. Umenenepa kwa kula nini?

Eugenia


Isamilo, Mwanza
15 Oktoba 1974

Eugenia,

Nimenenepa kwa kula chakula cha mbwa. Hilo ndilo jibu, na ningeweza kukudanganya tena lakini sina nguvu.

Wiki ya kwanza nilikuwa nakimwaga. Halafu mwezi uliopita nilikuwa nimeshika bakuli limejaa wali na nyama, nimesimama juu ya shimo la taka, nikasema, mimi ni mjinga? Nikakila palepale, kwa mkono, haraka, nimeupa mgongo upande wa geti ili Mayala asinione. Tangu siku hiyo alichoacha Tuti nimekila mimi, mara nne kwa siku. Yeye akawa anakonda na mimi nanenepa. Na wewe ukawa unaniandikia niweke chumvi kidogo.

Sikukwambia ni mbwa kwa sababu niliona haya. Mwanamume ameacha mke na migomba, amevuka ziwa, halafu anaandika barua kwamba kazi yake ni kumbembeleza mbwa. Lakini ningejua ya Jovitha nisingeandika upuuzi ule. Sasa kila nikiangalia nyama ile naona miguu ya mwanangu. Mbona hukuniambia? Hapana, usinijibu. Najua. Nami ningeficha.

Sikiliza basi, kwa kuwa uliniomba nikuandikie siku hiyohiyo kitu kikifaa.

Barua yako ilifika juzi. Nilikuwa nimepika ugali wangu mwenyewe, wa njano, na visamaki vichache vya furu, kwa sababu baada ya kusoma barua sikutaka tena ule wali. Mgongo ulikuwa umenibana vibaya sana sikuweza hata kukaa kwenye kigoda. Nikakaa chini jikoni, nikanyoosha miguu, nimeegemea ukuta. Bakuli la Tuti lilikuwa kwenye kona na nyama yake. Sikumwita. Sikumtazama. Nilikuwa namuwaza Jovitha, na nikawa nalia huku nakula, nakwambia ukweli.

Nikahisi kitu pajani. Ni yeye, ameweka mguu wake mmoja. Nikamega tonge nikala. Akasogea. Nikamega jingine, likabaki kwenye vidole kwa sababu nilikuwa nafuta pua kwa mkono mwingine. Akalichukua. Ugali wa njano, Eugenia! Akala furu pamoja na kichwa. Akarudi akangoja. Nikala mimi, akala yeye. Mimi, yeye. Tulimaliza sahani.

Jioni nikamwekea tena nyama kwenye bakuli la bati nikasimama pembeni. Akaenda chini ya kabati. Nikamimina nyama ileile kwenye sahani yangu, nikakaa chini, nikaanza kula. Akaja.

Mayala alinikuta hivyo. Nikangoja matusi. Akaegemea mlango, akasema, "Kwa yule Mzungu walizaliwa watano. Nilikuwa napita pale. Walikuwa wanakula kwenye sinia moja na mama yao, wanakanyagana." Akaenda zake getini.

Hajawahi kula peke yake maisha yake yote. Akaletwa hapa akapewa bakuli na saa na mtu mwenye mwiko.

Nimeitoa karatasi ya Mama Odeta ukutani. Na wewe usingoje ruhusa. Nenda kwa mama yako. Nimempa Yunus mfuko wa dagaa, nimewatwanga mwenyewe mpaka wakawa unga, na maharage. Anasafiri kesho.

Mumeo,
Longino


Muhutwe
28 Oktoba 1974

Baba Jovitha,

Nimekwenda. Sikubisha hodi, ningekatazwa.

Walikuwa wamemweka kwenye kigoda. Mama aliponiona alisema, "Rudi ulikotoka, utamharibu mtoto." Nikamwambia, shikamoo mama, nina njaa, nimetembea tangu asubuhi. Nikakata jani la mgomba nyuma ya jiko, nikalitandika chini kwenye nyasi kama tunavyokula sisi, nikamwaga juu yake ndizi na maharage na unga wa dagaa wako. Nikakaa. Nikamwambia mama, kaa tule. Akasema kibakuli cha mtoto je? Nikasema, leo hakuna mtoto, tule sisi.

Jovitha alinililia mwanzoni, akanivuta gauni, akatafuta ziwa. Sikumpa na sikumfukuza. Niliendelea kula. Mama naye hakula, anamkodolea macho. Nikamfinya mama paja. Akala.

Kisha mkono wake mdogo ukaingia kwenye jani. Alichukua kipande kilichokuwa mbele yangu, siyo kilichokuwa mbele yake. Matonge matatu siku hiyo. Nikalala palepale kwa mama. Kesho yake matano. Sasa ni wiki moja na bado nipo huku, mama hanifukuzi tena. Miguu bado imevimba, sitaki kukudanganya. Lakini jana alimpiga kuku.

Kibakuli chekundu mama anatilia chumvi.

Nilikasirika sana, na hasira nyingine bado ninayo, nitaitumia ukifika. Kula hiyo nyama ya mbwa, usione haya. Lakini ukiila, kula naye.

Eugenia


Isamilo, Mwanza
11 Novemba 1974

Mama Jovitha,

Nimesoma habari ya kuku nikacheka peke yangu, Tuti akabweka. Sasa nisikilize, kwa maana leo nina hasira ya kuvunja vyombo.

Meneja na mkewe wamerudi. Tuti ameshiba, manyoya yanang'aa, anakimbia uani kama panya. Mama Odeta akambeba, akambusu, akaniangalia mimi akasema, "Lakini na wewe umenenepa, Longino." Nikavuta shati lifunike tumbo. Meneja akanipa mkono. "Ndugu, umefanya kazi ya kimapinduzi." Nikaona meli hii hapa.

Mchana mama akamwekea nyama kwenye bakuli la bati. Tuti akamwangalia, akatoka, akaja mpaka uani kwangu, akakaa mlangoni. Jioni hivyohivyo. Siku tatu hivyohivyo. Kwangu anakula, kwao hali.

Jumamosi nikaenda kuomba likizo yangu. Meneja alikuwa sebuleni anasoma gazeti, ukurasa wa kwanza kuna kampeni ya kilimo cha kufa na kupona.

"Likizo yako ipo, ndugu. Sijasahau. Lakini mbwa?"

"Mbwa anakula mzee, ila anataka kula akiwa na mtu."

"Sawa kabisa. Basi mtu mwenyewe ni wewe."

"Mzee, mke wangu anajifungua mwezi wa kwanza."

"Hongera sana. Tutazungumza mwezi wa tatu."

Akageuza ukurasa.

Unaona nilivyojifunga kwa mikono yangu? Asingekula, ningefukuzwa. Amekula, nimefungiwa. Nilipomwambia Mayala, akasema, "Nshomile, ungemlisha vibaya kidogo." Ni kweli. Huku kwa wakubwa hata kazi nzuri lazima uifanye kwa kipimo.

Nimechoka Eugenia. Nimechoka na kilima hiki na mawe yake. Kutoka jikoni naiona meli ya Bukoba ikiondoka kila wiki, inapita mbele yangu kabisa, na mimi nimeshika sahani.

Longino


Muhutwe
20 Novemba 1974

Baba Jovitha,

Nimejaribu kuielewa barua yako na kuna jambo moja limenishinda. Mbwa anataka kula na mtu, na Meneja amesema mtu mwenyewe ni wewe.

Yeye na mkewe, wao si watu?

Mfundishe huyo mama kukaa chini. Kama mama yangu ameweza, mwenye miaka sitini na ukaidi wake, huyo ataweza. Na akikataa, usimlishie tena. Mwache aone.

Naelewa unampenda huyo mbwa. Hukuandika, lakini kurasa zako zimemjaa. Ndiyo maana nakwambia itakuwa ngumu, na ufanye hivyohivyo.

Miguu ya Jovitha imepungua. Amejifunza kusema "lete". Tumbo limeshuka, sidhani kama litangoja mwezi wa tatu.

Eugenia


Ndani ya meli
Alhamisi, 5 Desemba 1974

Eugenia,

Hii siipeleki posta. Nitakupa mwenyewe mkononi, lakini naandika kwa sababu nikifika nitashindwa kusema, unanijua.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumapili baada ya misa nilimkuta Mama Odeta jikoni, nikavua kofia. Nikasema, mama, nakuomba ukae chini hapa, ule na Tuti kwenye sahani moja, nami nitakuonyesha. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Chini?"

"Chini, mama."

"Longino, una homa?"

Nikasema sina homa, nina mke. Nikaenda chumbani kwangu nikafunga mlango.

Sikumlisha Tuti Jumatatu. Alikuja akakwaruza mlango kwa kucha, nikakaa ndani nimeziba masikio kama mwizi. Jumanne alikwaruza tena, sauti yake imekuwa ndogo. Mayala akaja dirishani, mara hii hakuniita Nshomile. Akasema, "Mfungulie bwana, anakufa." Nikamwambia hata mimi nakufa, mwache mama yake amfungulie. Nilikuwa na sahani ya ugali mbele yangu. Sikula. Ningekulaje, na yeye yuko pale nje? Eugenia, ulisema itakuwa ngumu. Hukusema itakuwa hivi. Nilijiambia, akifa nimeua, na nimepoteza kazi, na likizo sina. Jumanne nzima nilijiambia hivyo.

Meneja alipita uani akasema kwa sauti ili nisikie, "Kuna watu hawana shukrani."

Jana, Jumatano, saa sita mchana, nikasikia hodi. Ni Mama Odeta, peke yake, hana viatu. Amemshika Tuti, kichwa kimelegea kwenye mkono wake.

Akasema, "Nionyeshe."

Nikachukua sahani yangu, ugali wa njano na dagaa, sikuwa na kingine. Tukaenda jikoni. Alisimama kidogo akaangalia dirishani kama kuna mtu, kisha akashika meza, akashuka polepole, akakaa kwenye sakafu na gauni lake la semina. Akanyoosha miguu. Akasema, "Sijakaa hivi tangu tutoke kijijini, Misungwi." Nikamwambia, sasa usimtazame. Kula.

"Nile huu?"

"Huo, mama. Ndio tunaokula."

Akamega. Tonge la kwanza akala yeye. Akatafuna. Tonge la pili akala yeye pia. Akasema, "Mama yangu alikuwa anatupangia kwa mstari, tulikuwa tisa," halafu hakumaliza. Tuti alikuwa amelala pale kwenye paja, hainui kichwa. Niliona nimechelewa. Akamega la tatu, mkono ukabaki hewani kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka. Na yule mbwa akanyoosha shingo, akachukua.

Walikula wote wawili. Mimi nilibaki nimesimama. Sahani ilipokaribia kwisha mama akasema bila kugeuka, "Kuna mwingine?" Nikamwonyesha unga ulipo.

Meneja alirudi kula chakula cha mchana akatukuta. Akauliza, "Mama Odeta, kuna nini?" Akajibiwa na mkewe palepale chini: "Msainie huyu mtu karatasi yake aende kwao." Alisaini akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye friji. Mwezi mmoja. Januari nitarudi kwenye marobota au kwenye mbwa, sijui, na leo sitaki kujua.

Asubuhi hii niliondoka kwa mlango wa nyuma ili Tuti asinione. Alikuwa jikoni na mama, nilisikia mkia wake ukipiga kabati. Mayala alinibebea mzigo mpaka bandarini, njia nzima ananitukana Uhaya wangu. Sasa Mwanza imeshapotea na mgongo unauma kama kawaida, mabenchi ya daraja la tatu ni ya chuma.

Tutafika Kemondo kesho asubuhi. Nikifika nyumbani usimwambie Jovitha mimi ni baba yake, wala usimsukume aje kwangu. Tandika jani, tukae tule. Mimi nitaangalia pembeni.

Longino